Jino moja, na fomu niliyoijaza uongo

Najua nimekuwa kimya, na kuna walioniuliza sehemu ya pili ya ile makala ya databesi imepotelea wapi. Itakuja, subirini. Leo nataka kuzungumzia jambo la mdomoni mwangu.

Mwishoni mwa 2023 nilianguka na bodaboda hapa Likoni. Mkono ulipona kwa wiki mbili. Jino la mbele, la juu upande wa kushoto, lilivunjika hadi kwenye mzizi, ikabidi ling'olewe. Nikatengenezewa la bandia, lile la plastiki la kuvaa na kuvua. Sasa siku moja niko mjini nawaonyesha wateja, kampuni ya klaringi, programu ya kufuatilia makontena. Nikafika kwenye neno "fomu", jino likaruka likatua juu ya kibodi. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka!

Basi nikaenda kwa daktari wa meno kule kisiwani. Akanieleza kuna daraja, yaani meno mawili ya jirani yanachongwa ili yabebe la katikati. Meno mazima kabisa! Mtu yeyote anayeandika programu ataelewa kwa nini nilikataa: huwezi kukatakata moduli mbili zinazofanya kazi vizuri ili kuziba pengo la ya tatu. Njia nyingine ni kipandikizi: skurubu ndogo ya titaniamu inaingizwa ndani ya mfupa wa taya, unasubiri miezi kadhaa mfupa uishike, halafu juu yake linawekwa jino. Bei yake ilizidi ya laptopu yangu, na bima ya kazini haikutoa hata shilingi. Nikaikopa kwenye chama.

Hadithi ya kitu hiki nimeipenda kwa sababu ilianza kama hitilafu. Mnamo 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza jinsi mfupa wa sungura unavyopona, kwa kutumia kifaa cha titaniamu kilichopachikwa mguuni. Alipotaka kukitoa kikakataa. Mfupa ulikuwa umekishika. Wengi tungekasirika kwa kupoteza kifaa, yeye akajiuliza kwa nini. Mgonjwa wake wa kwanza wa meno, Gösta Larsson, aliwekewa vipandikizi mwaka 1965, na alipofariki 2006 vilikuwa bado vinafanya kazi. Miaka zaidi ya 40! Mimi sina programu hata moja niliyoiandika iliyodumu miaka 6 bila kuguswa.

Turudi kwangu. Kabla ya kupasuliwa unapewa fomu. Kisukari? Hapana. Dawa unazotumia? Hakuna. Unavuta sigara? Hapo kalamu ikasita kidogo, kisha nikaweka alama kwenye "hapana".

Ukweli ni kwamba kazi zangu nyingi nazifanya usiku, na usiku wa Likoni una baze, na baze ina muguka, na muguka haushuki bila sigara na soda. Sikuwa nahesabu. Niliogopa daktari angeahirisha, nami nilitaka jino kabla ya kwenda kwa wateja wengine. Ajabu ni kwamba mimi ninakula kwa kuandika fomu zinazokataa data mbovu. Ile ya karatasi haikuwa na ulinzi wowote, ilinitegemea mimi tu.

Skurubu ikawekwa Februari 2024. Nilivuka feri nimebana pamba mdomoni, ganzi imenishika hadi puani. Nilikaa siku tano bila sigara, ya sita nikarudi baze. Mwezi wa Mei gavana wa Mombasa akapiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha amri hiyo, na sisi baze tukashangilia kama tumeshinda kombe. Mimi na kidonda changu.

Juni nikarudi kupimwa. Daktari akaigusa skurubu kwa kifaa, ikazunguka. Haikuuma hata kidogo. Akaitoa kirahisi tu. Akasema mfupa haukushika, imezungukwa na nyama laini. Akanitazama: "Unavuta?" Nikamwambia. Hakunigombeza. Alisema hawezi kuapa kwamba ndiyo sababu, maana hata kwa wasiovuta hutokea mara chache, ila moshi huibana mishipa midogo ya damu, na mfupa unaopona unaihitaji damu hiyo.

Nilipomsimulia mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, daktari umemficha. Na huo mfupa je, nao umeuficha?" Mlinzi wa ofisini kwetu Changamwe, mzee wa Kijaluo aliyeng'olewa meno sita ya chini utotoni kwa mila za zamani, yeye alicheka. "Wewe unalilia moja?" Amekula samaki na mifupa yake maisha yake yote, asema.

Sigara niliiacha Julai 2024. Baze sikuiacha siku hiyo hiyo, nisiwadanganye na nyinyi pia, lakini bila sigara muguka ulikosa ladha, nikaanza kuchelewa, kisha nikaacha kwenda. Marafiki wawili nimewapoteza hapo. Deni la chama nililimaliza kwa kuandika tovuti tatu za bei ya chini.

Skurubu ya pili iliwekwa baada ya mfupa kujaza lile tundu. Fomu nilijaza upya, safari hii nikaandika hadi pembeni. Juzi daktari ameigonga kwa mpini wa kifaa chake na kusikiliza. Nami nilisikia: sauti kavu, kali, kama kijiko kwenye gilasi. Akaigonga mara ya pili, nadhani kwa ajili yangu.

Jino lenyewe litawekwa Alhamisi. Nimeuliza kuhusu mahindi ya kuchoma pale feri, nimeambiwa niyapukuchue kwanza.