Nyuma ya Ndege

Jumanne, 14 Januari 2025. Tudor, Mombasa.

Kaskazi imevuma tangu asubuhi na jioni bado haijalegea. Heri. Siku za shwari yangeyange hupita juu sana, na picha inakuwa ndege na mbingu basi. Ndege huyo angeweza kuwa Kisumu au Dodoma, na hakuna wa kukubishia. Upepo ukiwapiga usoni hushuka, maana karibu na maji hupungua nguvu, wakapita usawa wa vichwa vya mikoko. Hapo ndipo nyuma ya ndege panapopata jina.

Leo wametoka upande wa Makupa wakiukata upepo, jua likiwaangaza ubavu ulionielekea. Ni bamvua, maji yamejaa alasiri, kwa hiyo tope lote limefunikwa pamoja na takataka zake. Imebaki mikoko na maji.

Kasi 1/2000 ya sekunde, na mwanga nimeupunguza makusudi. Kamera huipima ile mikoko, ikadhani ni giza, ikaongeza mwanga, na yangeyange akageuka doa jeupe lisilo hata unyoya mmoja. Fokasi nayo hupenda kuganda kwenye majani. Dawa yake ni kumshika ndege angali mbali, juu ya maji matupu, kisha kumfuata taratibu hadi aingie mbele ya miti. Ukimngojea huko huko, kamera imeshachagua mti.

Jumapili, 19 Januari. Mji wa Kale.

Nimepanda juu ya paa kwa shangazi. Mbayuwayu wadogo, wale wenye kiuno cheupe, wamejenga chini ya roshani ya jirani: viota vya manyoya na majani makavu vilivyogandishwa kwa mate. Ukiwa chini kichochoroni huoni ila matumbo yao na mbingu. Ukiwa juu, wao ndio wako chini yako, na nyuma yao ni ukuta.

Shangazi alikuwa akianua nguo.

"Wawatakiani hao? Wanichafulia kuta."

"Namtaka mmoja tu, shangazi, apite mbele ya ukuta ule."

"Na ukuta una nini?"

Sikumjibu, lakini swali limenikaa. Kanuni ya picha za maumbile ambayo vyama vya wapiga picha FIAP, PSA na RPS ya Uingereza viliafikiana, ikaanza kutumika 2015, haitaki mkono wa binadamu uonekane, isipokuwa pale unapokuwa sehemu ya maisha ya mnyama mwenyewe. Mfano wao ni bundi na korongo waliozoea makao yaliyobadilishwa na watu. Ukuta wa jirani ni mawe ya matumbawe na chokaa, kama Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa 1593. Mawe yale yalikuwa mwamba wa bahari kabla ya kuwa nyumba, na mbayuwayu walikaa kwenye majabali kabla ya kuhamia kwa jirani. Sasa nani hapo ametoka nje ya pori? Mimi naona picha inapita. Waamuzi wa mashindano wana macho yao.

Nyaya za umeme ndizo zinazonikera. Kuzifuta kwa kompyuta kanuni hiyo hairuhusu, na hapo nakubaliana nayo kabisa.

Jumamosi, 25 Januari. Mji wa Kale tena.

Kurabu, yule kunguru wa Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka, na kufikia 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wengine. Mwaka jana serikali ilitangaza mpango wa kuua milioni moja. Sina huruma naye, ila huruka vizuri mno akimfukuza mwewe. Nyuma yao yalikuwa mabati yenye kutu na antena, na sikuhangaika kuyakwepa: ndege huyu haishi pasipo watu, mabati ndiyo msitu wake. Likoni wako wengi zaidi, lakini kivukoni kupiga picha ni marufuku.

Mwewe namtaka peke yake. Kusi ikishika nitamtafuta asubuhi Mama Ngina, pale upepo unapogonga majabali ukapanda juu na kumbeba ndege bila kupiga bawa. Jua litatoka baharini na upepo vilevile. Nikiyapa maji mgongo, mibuyu itakuwa mbele yangu, na mwewe, akiukabili upepo, atakuwa amenielekea uso.