Jumla na Vipande Vyake

Neno jumla si geni kwa msomaji wa mwambao. Hulisikia dukani, na mwanafunzi huliandika chini ya hesabu zake. Si wengi, hata hivyo, wajuao kwamba neno hilo limetia nanga katika intaneti ya dunia nzima. Mwezi Agosti 2005, wataalamu waliokuwa wakiandika programu ya kuendeshea tovuti iitwayo Mambo walihitilafiana na kampuni ya Australia iliyomiliki jina hilo, wakajitenga. Septemba walitoa programu yao wenyewe, wakaiita Joomla: ndiyo jumla yetu, kwa tahajia ya wageni.

Mimi ni mshairi na mfasiri, mkaazi wa Kiembe Samaki. Ufundi wa kompyuta sikuusomea chuoni. Niliuokota kidogo kidogo, kama nilivyookota lugha ninazofasiri. Kilichonisukuma ni mshororo. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na kila kipande hutulia juu ya kina chake. Tovuti haiyajui hayo. Skrini ikiwa nyembamba, mshororo hukatwa popote, na kina cha kati hupotea machoni. Ndipo nikaunda moduli ndogo ya kujaliza Joomla: huhifadhi ukwapi mbali na utao mbali, kisha huviweka sambamba penye nafasi, au kimoja chini ya kingine penye ufinyu.

Kuunda kijalizo si kazi. Kazi ni kukiwezesha kuishi. Joomla 1.5, iliyotoka Januari 2008, ilibadili mengi katika namna moduli inavyozungumza na mwenyeji wake. Ilileta pia mfumo wa UTF-8, uliorahisisha kuziweka herufi za Kiarabu za miswada yetu ya kale katika ukurasa mmoja na herufi za Kilatini. Mei mwaka huohuo umeme ulikatika Unguja kwa takriban mwezi mzima. Kwa mwanga wa kandili niliandika moduli upya kwa kalamu, nikijiuliza kila mstari: hili ni la shairi au ni la jukwaa?

Jibu liliigawa moduli sehemu mbili. Ya kwanza inajua beti, vipande na vina, wala haimtaji mwenyeji hata mara moja. Ya pili ni mlango tu: huomba, hupokea, huonyesha. Toleo likibadilika, hubadilishwa mlango, nyumba haiguswi. Na mlango wenyewe hauulizi, "Wewe ni toleo la ngapi?" Huuliza, "Waweza kunifanyia jambo hili?" Nambari ya toleo ni jina, kinachohitajika ni uwezo.

Kweli, mwenyeji naye huwa na hisani. Joomla 1.5 iliweka njia maalumu ya kuvipokea vijalizo vya 1.0, toleo la 1.6, la Januari 2011, likaiondoa. Joomla 4, ya Agosti 2021, ilileta mpangilio mpya wa majina huku ikiendelea kuyatambua mengi ya zamani. Joomla 5, ya Oktoba 2023, ikayahamishia majina ya zamani katika kijalizo cha utangamano ambacho mwenye tovuti aweza kukizima. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Naifahamu tovuti moja iliyokuwa na mashairi ya mzee aliyekwisha kufariki. Yalihifadhiwa ndani ya kijalizo ambacho mtengenezaji wake alikwisha kukiacha. Tovuti ilipohamishiwa toleo jipya, beti zilitoka zimeungana kama nathari, na nyingine hazikutoka kabisa. Daftari la mzee halikupatikana. Mashairi yale hayakukosa wasomaji. Yalikosa njia ya kutokea.

Kwa hiyo moduli yangu ina kitufe kimoja ambacho hakuna aliyekiomba: ukikibonyeza, diwani nzima hutoka katika faili la maandishi matupu, kila kipande mstari wake, tayari kusomwa na kompyuta yoyote bila ya Joomla na bila ya mimi. Moduli itakufa siku moja, na nimeiandika nikilijua hilo. Mshairi atakayeitumia asidaiwe kufa nayo.