Ghera ya Mbio, Ughaibuni na Kwetu

Miongoni mwa mambo ambayo sisi tunaoishi ughaibuni huyatazama kwa jicho la kulinganisha, mbio za pamoja zina mahali pake, kwani Mwingereza na mkazi wa Dar es Salaam wote wawili huiacha raha ya kitanda siku ya mapumziko wakakimbia na wenzao mpaka fulana zikalowa jasho, ilhali kinachomsukuma mmoja sicho kinachomsukuma mwingine.

Hapa Uingereza, mashuhuri zaidi ni mbio za Jumamosi ziitwazo parkrun, zilizoasisiwa na Paul Sinton-Hewitt tarehe 2 Oktoba 2004 katika bustani ya Bushy Park, London, kwa wakimbiaji 13 tu, na ambazo leo zimeenea katika nchi nyingi. Masafa ni kilomita 5, kiingilio hakuna, na kazi yote hufanywa na watu wa kujitolea. Amalizapo, mkimbiaji huonyesha msimbopau wake, na baadaye hupelekewa habari ya dakika na sekunde alizotumia, ajue kama ameishinda nafsi yake ya Jumamosi iliyopita. Na atimizaye mara 25, 50 au 100 hustahiki fulana ya daraja hiyo. Mashindano, basi, aghalabu ni baina ya mtu na hesabu yake mwenyewe, naye aweza kukimbia katikati ya mamia ya watu pasipo kusema na yeyote. Hata hivyo kuna jambo la insafu kubwa: huteuliwa mmoja wa kutembea nyuma ya wote, ili mgeni, mzee au mgonjwa anayejitibu kwa mwendo asipate kamwe kuwa wa mwisho.

Kwetu, vikundi vya jogging vya Dar es Salaam hutoka alfajiri mwisho wa juma, vimevaa fulana za rangi moja, mmoja akiongoza nyimbo na wengine wakiitikia, nyayo zikitua barabarani kwa mpigo mmoja, kama walivyozoea wengi wao tangu mchakamchaka wa shuleni au wa Jeshi la Kujenga Taifa, lililoundwa mwaka 1963. Dakika hazina hadhi kubwa hapo. Anayetaka kuacha hushikiliwa na sauti za wenzake, na kifo cha wengi huwa harusi. Mbio zikiisha, wanachama hunywa supu pamoja, huchangiana katika misiba na maradhi, na asiyeonekana huulizwa habari zake.

Wataalamu walikwisha kulichungua jambo hili zamani. Mwaka 1898, Norman Triplett wa Marekani aliandika kwamba waendesha baiskeli huwa wepesi zaidi wanapokuwa pamoja na wenzao kuliko wanaposhindana na saa peke yao. Katika miaka ya 1920, Otto Köhler wa Ujerumani aliwapima wapiga makasia wa Berlin kwa kunyanyua uzito, akaona kwamba aliye dhaifu, afungwapo kazi moja na mwenye nguvu kuliko yeye, hustahimili kupita kipimo chake cha upweke. Lakini tofauti ya nguvu ikizidi mno, juhudi hiyo hupungua.

Kwa mizani hiyo naona kwamba kifungo cha Dar es Salaam kina nguvu zaidi, maana mtu huweza kuisamehe nafsi yake ikilegea, bali huona haya kuwaacha jamaa zake njiani. Lakini kifungo hicho hicho hukatika pale vijana wa safu ya mbele wanapokolewa na wimbo wakaongeza mwendo, na mama mwenye umri, aliyeanza mbio kwa amri ya tabibu wake, akabaki nyuma peke yake, akarudi nyumbani na asionekane tena.

Nawasihi, basi, viongozi wa vikundi vyetu wateue mtu wa kubaki nyuma kila watokapo, mwenye subira na sauti nzuri, na mwendo wa kikundi upimwe kwa yule mnyonge na si kwa yule hodari. Nasi tulio ugenini, tunaokimbia masikio yetu yamezibwa na muziki na macho yetu yako kwenye saa, tuitane Jumamosi, tufuate hatua moja, na tukimaliza tukae pamoja tujuliane hali.