Senti Yenye Tundu

Walipobomoa nyumba moja ya zamani karibu na kwangu hapa Kakoba, Uganda, mjukuu wa jirani aliniletea vyuma vyeusi vilivyojaa kiganja, vimechomolewa kwenye misumari ya paa.

"Babu, washa hizi unazitaka?"

Nikapangusa kimoja kwa kidole gumba. Pembe mbili za ndovu zikajitokeza, moja kila upande wa tundu.

"Hizi si washa. Hizi ni pesa."

Alicheka mpaka akakaa chini. Pesa gani yenye tundu!

Mimi nilifunzwa senti hizi na mama mmoja mwenye duka, njia ya kwenda sokoni. Duka lile nalinusa hadi leo: mafuta ya taa, sabuni ya mche, dagaa wa gunia. Ilikuwa 1967. Au 1968? Pesa za Uganda yenyewe zilikuwa zimeshatoka, maana hizo ni za 1966. Basi, mwaka si neno. Watu walikuwa wakizirudisha zile za Afrika Mashariki, lakini yeye alibaki na zake. Nyingine alizitunga kwenye kamba ya katani, nyingine akazigawa katika makopo matatu ya maziwa. La kwanza lilikuwa la "zinazosomeka": jina la mfalme, mwaka, hata ile herufi H ndogo ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. La pili, "za kupapasa": kucha inazihisi pembe, jicho haliuoni mwaka. La tatu, "vipofu". Baadaye nimeona vitabu vya Wazungu vyenye madaraja chungu nzima. Bado napanga kwa makopo matatu.

Siku moja alinipa senti kumi ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo hakumaliza mwaka kitini, na kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa zitumike. Zetu ziliwahi kwa sababu hazikuhitaji sura. Mahali pa kichwa pana tundu.

Nikaenda nayo nyumbani, nikaisugua kwa ndimu na jivu hadi ikang'aa. Kesho yake nikamwonyesha kwa majivuno. Aliitazama kitambo, kisha akaitumbukiza kwenye kopo la vipofu.

"Umeichubua," akasema, akageuka kumpimia mteja sukari.

Tangu hapo sisugui. Ule weusi ni ngozi ya shaba. Huchukua miaka mingi kuota, na jivu huuondoa mara moja. Maji na sabuni laini yanatosha. Yenye kutu ya kijani nailaza kwenye mafuta ya zeituni wiki kadhaa, kisha naigusagusa kwa kitambaa, nimeishika ukingoni.

Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, nilikwenda kwa biashara ya ndizi. Mzee mmoja, wa wale waliotoka Rwanda mwanzo kabisa, alikuwa na faranga tano ya 1952 yenye mchikichi, imeandikwa Kongo ya Wabelgiji pamoja na Ruanda-Urundi. Haikununua hata chumvi, lakini ilivuka mpaka kwenye fundo la kitenge. Hakuniuzia, nami sikurudia kuomba. Kwa Wakongo waliokuja baadaye nilipata ya Katanga ya 1961, yenye ndizi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. 1987 shilingi ya Uganda ikakatwa sifuri mbili. 1998 zikaja sarafu za mamia, 2012 ya elfu moja, kisha simu ikameza yote. Sasa vijana wamesikia uvumi kwamba sarafu kuukuu ina mamilioni. Wanaikwangua kwa waya wa sufuria, wanaipiga picha, wanangoja tajiri. Asipotokea, inakwenda kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Inaniudhi, ingawa jivu nililianza mimi.

Za paani zilikuwa kumi na moja. Saba vipofu, tatu za kupapasa, moja inasomeka, na kovu la msumari juu yake. Nimeiacha na kutu yake.

Kijana akataka elfu mbili. Nikamhesabia sarafu mbili za elfu moja. Akazitazama.

"Babu, si unitumie kwa simu?"