Oktoba Moja Mjini Durban

Sisi tuliozaliwa pwani ya Afrika Mashariki tunauhesabu mwaka kwa masika na vuli, kwa kaskazi na kusi. Majira ya machipuko tunayasoma tu kitabuni. Mimi niliyaona kwa macho Durban, Afrika Kusini, nilipokwenda kumtembelea dada yangu baada ya kuhitimu shahada ya ualimu, nikisubiri kupangiwa kituo cha kazi. Nilikaa huko mwezi mzima wa Oktoba.

Durban iko kando ya Bahari ya Hindi kama Tanga na Mombasa, lakini iko karibu latitudo 30 kusini mwa Ikweta, nje ya tropiki. Bahari yake ni ya vuguvugu kwa sababu mkondo wa Agulhas huleta maji ya joto kutoka kaskazini. Linganisha na Port Nolloth, mji ulio karibu latitudo hiyohiyo katika pwani ya magharibi ya nchi hiyo. Huko mkondo baridi wa Benguela huipoza hewa, na nchi ni kame.

Kwa kujua hayo, nilifungasha nguo nyepesi. Jumatatu ya kwanza zilinitosha. Jumatano nilitoka jasho kama niko Dar es Salaam mwezi wa Februari. Alhamisi nilijifunika blanketi mbili huku mvua ya rasharasha ikinyesha juu ya mijakaranda iliyochanua maua ya zambarau.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi rangi wa kulipwa kwa siku. Kwake, hali ya hewa ilikuwa unga na kodi ya nyumba. Siku moja nilimsindikiza kazini. Saa mbili asubuhi upepo mkavu wa moto ulikuwa unavuma kutoka bara, na mbingu haikuwa na hata wingu moja. Akaniambia, "Shemeji, mchana tutaokwa, jioni tutatafuta masweta."

Alipaka ukuta wa kivulini hadi saa tano, kisha akasimamisha kazi. Mwenye nyumba akasisitiza ukuta wa nje umalizwe, kwani jua lilikuwa kali na rangi ingekauka upesi. Shemeji akakataa kwa heshima, akapokea malipo ya nusu siku. Alasiri upepo ukatulia. Mara ukageuka, ukavuma kwa nguvu kutoka kusini magharibi. Mawingu yakashuka, baridi ikaingia, na mvua ikanyesha hadi usiku. Kama ukuta ule ungepakwa, rangi ingechuruzika, naye angeirudia kazi kwa gharama yake.

Alijuaje? Miaka mingi juu ya ngazi ilimfundisha kwamba joto la ghafla kutoka bara hufuatwa na upepo wa kusi. Sababu yenyewe iko katika Jiografia. Mgandamizo wa hewa unapokuwa mkubwa kwenye uwanda wa juu wa bara na mdogo pwani, hewa huteremka kutoka upande wa milima ya Drakensberg, yenye vilele vya zaidi ya mita 3,000. Hewa kavu inaposhuka hugandamizwa na kupata joto, takriban nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Ndiyo maana hufika pwani ikiwa ya moto. Eneo la mgandamizo mdogo husafiri kufuata pwani kuelekea kaskazini mashariki. Likishapita, upepo hugeuka na kuleta hewa baridi ya baharini, na mara nyingi mvua.

Machipuko huzidisha vurugu hiyo kwa sababu majira mawili hukutana. Hewa baridi ya kipupwe bado hupanda kutoka kusini, na wakati huohuo jua linasogea kusini mwa Ikweta likiongeza joto na unyevu wa kiangazi. Kinachoonekana kama kigeugeu kina mpangilio wake.

Mtahiniwa, shemeji yangu aliishia darasa la saba. Alijua mfuatano wa mambo, mimi nilijua sababu zake; kila mmoja alishika nusu ya somo. Swali likikutaka ueleze hali ya hewa ya mahali, usiishie kutaja joto, upepo na mvua. Eleza kinachoanza, kinachofuata, na kwa nini. Tena usichanganye hali ya hewa na tabianchi: mvua ya jana ni hali ya hewa, bali wastani wa miaka 30 ndio tabianchi.

Kabla ya mtihani, jipe siku saba za mazoezi. Kila jioni andika upepo ulitoka wapi, mawingu yalikuwaje, na mvua ilinyesha saa ngapi. Pembeni acha nafasi ya maneno mawili, "kwa sababu", kisha ijaze.