Ukingo wa Irente

Bibi hakuwahi kuniambia kwamba Irente ni pazuri. Kwake yeye Irente ilikuwa mahali pa kushukia.

Tulikuwa tukitoka Yoghoi alfajiri, ukungu ungali umelalia migomba, yeye mbele na ngata kichwani, mimi nyuma na kidumu cha maji. Tukifika kwenye mwamba, pale ardhi inapokatika ghafla na nyika kuanza karibu mita 1,000 chini ya miguu yako, alitua mzigo akasimama. Alitazama kwanza upande wa Mombo, akapeleka macho taratibu hadi Mazinde, kisha Mkumbara, na mbali zaidi kule ambako milima ya Upare inaonekana kama moshi uliogandia angani. Nilidhani anapumzika. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na kwa mtoto, mtu mzima aliyesimama kimya amechoka tu.

"Mazinde kumenyesha jana," alisema. Au: "Wanachoma mapori kule, leo tutapita juu." Kisha akabeba mzigo, tukaanza kushuka.

Shamba lake la mahindi lilikuwa chini, nje kidogo ya mashamba ya mkonge ya Mazinde. Migomba yake, maharage na magimbi vilikuwa juu. Sikuona ajabu yoyote katika hilo. Niliamini kila bibi duniani ana mashamba mawili, moja la baridi na moja la joto. Kuteremka kulituchukua asubuhi nzima. Kupanda, jioni, na mzigo, ni jambo ambalo magoti yangu yanalikumbuka hadi leo.

Wasambaa wana maneno mawili kwa dunia yao. Shambaai ni huku juu, kwenye mvua na migomba. Nyika ni kule chini, kwenye jua na miiba. Nimekuja kuelewa ukubwani kwa nini vijiji vingi vya kale, kuanzia upande huu wetu hadi Mtae, vilijengwa karibu na ukingo badala ya kujificha katikati ya milima. Wazee walitaka kula sehemu zote mbili. Mwaka ambao baridi na mvua nyingi viliharibu mazao ya juu, mahindi ya nyikani yaliokoa watoto. Mwaka ambao jua liliunguza nyika, kulikuwa na magimbi mabondeni. Na ukingo ulikuwa pia mnara wa ulinzi, maana wavamizi wa kutoka nyikani vumbi lao lilionekana mapema. Mtu aliyejenga pale hakufuata mandhari. Alitaka aione njaa kabla haijamfikia, na adui kabla hajapanda.

Shuleni ndipo nilipokutana na Vuga, makao ya kale ya wafalme wetu Wakilindi. Mwalimu wetu mmoja alikuwa na nakala iliyochakaa ya Habari za Wakilindi, toleo la 1962, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu aliyewahi kumtumikia chifu Semboja mwenyewe. Mwalimu alikuwa akitusomea kwa sauti Ijumaa mchana: Mbegha mwindaji anatoka Ngulu, anawagawia watu nyama ya nguruwe, anaua simba, anafanywa mfalme. Darasa zima lilikuwa kimya. Nakumbuka furaha ya kusikia Vuga, mahali ambapo shangazi yangu aliolewa, ikitajwa ndani ya kitabu. Baadaye nikajua kuwa mmisionari Krapf alipanda huko mwaka 1848 kuonana na mfalme Kimweri ye Nyumbai, na wasafiri Burton na Speke wakafika 1857. Wote walimkuta mfalme juu.

Kimweri alipofariki, 1862, mambo yakateremka. Mwanawe Semboja alikuwa Mazinde, nyikani, kwenye njia ya misafara, na bunduki na bidhaa za pwani zilipita mlangoni pake. Hakuhitaji kukaa Vuga ili awe na nguvu. Vita vya ndugu vilivyofuata vilidumu miaka mingi. Nilipomuuliza bibi juu ya habari hizo hakutaja Semboja wala Kimweri. Alisema tu kwamba zamani kulikuwa na kuzifya shi na kulikuwa na kubana shi: kuiponya nchi na kuiharibu. Mfalme akiwa mmoja na mwenye nguvu, mvua inanyesha. Nguvu mbili zikishindana, nchi inakufa njaa. Aliyasema hayo akichambua maharage, kama mtu anayeeleza namna ya kupika.

Wajerumani nao walipitia njia ileile ya kupanda na kushuka. Reli waliyoianza Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo 1905, chini kabisa, penye joto na malaria. Wenyewe wakapanda kutafuta ubaridi, na Lushoto wakaiita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Sakharani, karibu na Soni, ilipo misheni ya Wabenediktini, hadi leo inabeba jina la utani la Tom von Prince, afisa yule aliyepigana na Mkwawa huko Uhehe, kisha akaja kulima huku na kuuawa katika vita vya Tanga mwaka 1914. Hutapata kibao kinachokueleza hayo. Jina limebaki linatamkwa kila siku na makondakta wa daladala.

Jambo ambalo bibi alilisimulia kwa hasira lilikuwa matuta. Waingereza, baada ya kuanzia bonde la Mlalo mwaka 1946, walitaka kila mwenye shamba la mteremko achimbe matuta kuzuia mmomonyoko, na waliolazimika kuinama na jembe walikuwa hasa wanawake. Watu walikataa, wengine wakatozwa faini, na mpango ule ukafa kabla ya Uhuru. Bibi hakuwa adui wa udongo. Alikuwa na matuta yake mwenyewe, madogo, aliyoyapanga alivyoona mwenyewe. Alichokataa ni kupangiwa na mtu asiyejua kwamba ana shamba jingine kule chini linalomsubiri siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ulipokuja mradi mwingine, SECAP, mwaka 1981, kwa msaada wa Wajerumani, watu waliutazama kwa jicho la pembeni. Lakini ule ulikuja na majani ya gwatemala ya kupanda kufuata kontua, miche ya migrevilea, na ng'ombe wa kufungia bandani. Ukipita leo kati ya Lushoto na Soni, mistari ile ya majani na ile miti mirefu yenye majani kama manyoya unayoidhani ni ya asili, mingi ina umri mdogo kuliko wangu.

Mabadiliko makubwa, hata hivyo, yaliletwa na kabichi. Malori yalianza kupanda hadi Lukozi na Magamba kufuata mboga za Dar es Salaam: kabichi, karoti, hoho, nyanya kwenye matenga. Usiku ungeyasikia yakishuka Soni kwa gia nzito kuwahi Kariakoo. Mboga zilileta pesa taslimu kila baada ya miezi mitatu, na pesa ilinunua unga wa mahindi ya mtu mwingine. Baba akafanya hesabu akaona hakuna sababu ya mama yake kuteremka mita 1,000 kufuata magunia manne. Bibi aliliacha shamba la chini mwaka 1986. Hakulalamika. Aliendelea tu kwenda ukingoni asubuhi, mikono mitupu, akatazama, akarudi. Alifariki 1991.

Miaka michache baadaye wageni wakaja kusimama palepale. Lushoto ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo nchini kuwa na utalii wa kitamaduni, katikati ya miaka ya tisini, Waholanzi wa shirika la SNV wakisaidia, na mdogo wangu akawa mwongozaji. Mimi nilikuwa tayari mwalimu, na nakiri niliudhika. Njia iliyopasua nyayo za bibi ilikuwa sasa matembezi ya saa tatu, pamoja na mkate na jibini ya shamba la Irente.

Ni mdogo wangu huyo aliyenibadilisha. Likizo moja alinichukua tutembee hadi Mtae, siku tatu kwa miguu, kilomita kama 60 ukifuata barabara, na sisi tuliikwepa kila tulipoweza. Nilikuwa nimezaliwa katika milima hii na sikuwa nimevuka Magamba. Msituni mbega wakaruka juu yetu, weusi kwa weupe, mikia kama mashada. Alinionyesha kinyonga mwenye pembe puani, na mimi, mwanamke mzima, nikarudi nyuma kwa woga niliofundishwa utotoni. Mwaka 2006 wataalamu walilipa kundi la vinyonga, wakiwemo wa milima yetu, jina rasmi la kisayansi: Kinyonga. Nilipolisikia nilifurahi kama niliyebatizwa upya. Lukozi tulikuta gulio limefurika mapeasi. Mlalo tulilala, nyumba za udongo za ghorofa zikiwa zimepandiana mlimani, kanisa katikati.

Jioni ya tatu tukafika Mtae. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba kiasi kwamba nyika inaonekana kushoto na kulia. Mzee mmoja alikuwa amesimama nje ya nyumba yake, mikono nyuma, akipeleka macho taratibu kutoka mwisho mmoja wa upeo hadi mwingine. Tukamwamkia. Akaitikia bila kugeuka, kisha akasema: "Mkomazi kuna wingu, lakini si la kwetu."

Nililia palepale, mdogo wangu akadhani ni miguu.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu Irente. Siku hizi kuna ada ya kuingia, viti, na vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Tulisimama kwenye mwamba. Treni ya abiria, ambayo bibi aliitumia kama saa na ambayo ilikoma miaka ya tisini, ilirudi kwenye reli ya kaskazini Desemba 2019, na binti yangu alitamani kuiona ikipita kama jongoo kule chini, lakini haikuwa saa yake. Nikamwonyesha Mazinde. Nikamwonyesha, kadiri nilivyoweza kukisia, pembe ya mkonge ambapo shamba lilikuwa. Alipiga picha, akaikuza kwa vidole viwili, akatafuta.

"Mlikuwa mnapita wapi, mama?"

Tulizunguka nyuma ya mwamba. Njia ilikuwa imefunikwa na gwatemala, lakini nilipoyatenga majani mawe yalikuwa palepale, yamelainika katikati kama kinu. Mama mmoja alikuwa akikata majani ya ng'ombe wake. Nikamwamkia, nikamuuliza kama njia bado inafika chini.

"Inafika," alisema. Alitutazama mikono, akaona simu na chupa ya maji. "Mnashusha nini?"

Binti yangu alinigeukia nijibu.

"Hatushushi kitu," nikasema. "Tunakwenda kuona shamba la bibi yangu."

Yule mama akafunga mzigo wake, akaweka ngata kichwani, akatupisha. "Basi shikeni kulia mkifika kwenye mkuyu. Kushoto pameporomoka."