Mabela: Mtaa Uliozaliwa na Umeme

Ukitoka Maskati ya kale kwa barabara kuu ya Sultan Qaboos, ukaupita uwanja wa ndege na kuendelea magharibi kama unakwenda Barka, utafika Mabela. Ni sehemu ya wilaya ya Sib, na barabara kuu imeikata pande mbili: Mabela ya Kaskazini upande wa bahari, na Mabela ya Kusini upande wa milima. Mgeni wa mara ya kwanza haoni cha kupigia picha. Hakuna ngome, hakuna bandari, hakuna soko la kale. Kuna nyumba nyeupe na za rangi ya mchanga, kila moja na ukuta wake, tangi la maji juu ya dari na viyoyozi vimening'inia ubavuni. Kuna misikiti, maduka, migahawa ya biriani, na huko Kusini kuna sanaiya, mtaa wa gereji na mafundi wa kila aina.

Lakini kaa siku mbili tu, utasikia shikamoo dukani. Utasikia mama akimwita mwanawe kwa Kiswahili cha Unguja mjini, na mzee akimjibu mwenziwe kwa Kipemba. Familia nyingi za hapa zina watu waliozaliwa Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam, hata Bujumbura, na watoto na wajukuu zao waliozaliwa hapa hapa. Kwa sisi tulioenea duniani, Mabela ni mahali pa kumfuata shangazi, kuhudhuria harusi, au kupumzika siku tatu kabla ya kuendelea na safari.

Wengi tunaufika mtaa huu na kuondoka bila kujiuliza umewezekanaje. Miaka hamsini na kitu iliyopita sehemu kubwa ya uwanda huu ilikuwa jangwa la changarawe. Watu wa Sib waliishi pwani, kwenye visima na mashamba ya mitende. Kilicholeta nyumba hizi ni barabara, viwanja ambavyo serikali iliwagawia raia, na zaidi ya vyote, umeme. Na wazee wetu wanaokaa ndani ya nyumba hizi wamebeba historia ya umeme ya nchi mbili, ambayo wajukuu zao hawajawahi kuulizia.

Taa za Barghash

Historia hiyo inaanzia Unguja. Kampuni ya umeme ya Kenya, ikisimulia asili yake, hutaja mwaka 1875, Seyyid Barghash wa Zanzibar alipopata jenereta la kuwashia taa kwenye jumba lake na mitaa ya jirani. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib pale Forodhani, na taa za umeme zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyolipa jumba lile jina la Nyumba ya Maajabu. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na wengi wetu tuliiona habari hiyo kwenye simu tukiwa mbali.

Kwa mujibu wa historia hiyo hiyo, mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alilinunua jenereta la Barghash na kulikabidhi kwa kampuni mpya ya umeme ya Mombasa. Mwaka huo huo Wajerumani walianza kutoa umeme Dar es Salaam, hasa kwa karakana za reli na sehemu ya mji waliyoishi wao. Kwa hiyo umeme wa mwambao wetu ulianza kwa wafalme, wafanyabiashara na wakoloni. Mtu wa kawaida aliuona kwa mbali, kisha akarudi nyumbani kwenye kibatari.

Mji wa Unguja uliendelea kupata taa. Shamba, mambo yalikuwa mengine. Kijiji cha Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, kilipata umeme mwaka 1990, zaidi ya miaka mia baada ya taa za Barghash. Umbali kutoka Forodhani hadi Uroa ni mwendo wa gari usiofika saa moja.

Kutoka kwenye mwanga kuingia gizani

Sasa twende Oman ya wakati huo. Barghash alikuwa wa ukoo wa Al Busaid, ukoo ule ule uliotawala Maskati. Lakini Maskati yenyewe ilibaki gizani muda mrefu baada ya Unguja kuwaka. Mpaka mwaka 1970 milango ya mji ilifungwa saa tatu baada ya jua kutua, na aliyetembea mjini baada ya hapo alitakiwa abebe taa mkononi. Umeme ulikuwa kitu cha sehemu chache mno. Wakati wa joto, wenye uwezo walihamia Sib na pwani ya Batina, chini ya mitende, na usiku watu walilala juu ya dari kutafuta upepo.

Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alishika utawala, na baadaye akawaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi. Katika waliorudi walikuwamo maelfu kutoka Afrika Mashariki, wengi wao wameondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Walikuja na elimu, na Kiingereza, na wengi wakapata kazi kwenye mafuta, maofisini, mashuleni na hospitalini.

Fikiria hali yao. Mtu aliyekulia Mkunazini au Vuga, amezoea kubonyeza swichi tangu utotoni na pangaboi likizunguka darini, anafika katika nchi ya baba zake na kukuta chemli. Aliyelelewa shamba, Wete au Makunduchi, hakuona ajabu. Yeye kibatari kilikuwa ndugu yake. Ndiyo maana ukiwauliza wazee wawili wa Mabela habari ya umeme, utapata hadithi mbili zisizofanana. Mmoja atakwambia, "Tulikuja gizani." Mwengine atakwambia, "Umeme nimeuonea huku."

Oman ilikimbia haraka. Mwaka 1976 kituo cha Ghubra kilianza kazi. Mwaka 1984 kikafuata cha Rusail, jirani kabisa na Mabela, na mwaka 2003 cha Barka, upande wa pili. Mtaa wetu umekaa katikati ya mitambo hiyo miwili. Nyumba zikaongezeka, nyaya zikafuata, na mtoto aliyezaliwa hapa katika miaka ya 1990 hajui usiku wa chemli ukoje.

Umeme ndio maji

Kitu kimoja ambacho wageni hawakitambui ni kwamba Mabela umeme ukikatika, maji nayo hayako mbali kukatika. Mvua ni haba, na maji mengi ya Maskati yanatoka baharini. Vituo kama Ghubra na Barka vilijengwa kufanya kazi mbili kwa pamoja: gesi inachomwa kuzalisha umeme, na joto lake linachemsha maji ya bahari, mvuke unapopoa, chumvi imebaki nyuma, yanapatikana maji matamu. Siku hizi njia inayoshika nafasi zaidi ni kuyasukuma maji kwa nguvu kubwa yapite kwenye utando unaozuia chumvi. Kwa njia yoyote, ni umeme unaoyafikisha kwenye bomba. Kimbunga Gonu kilipopiga Juni 2007, sehemu nyingi za Maskati zilikosa vyote viwili kwa siku kadhaa.

Tena kuna joto. Tarehe 26 Juni 2018, mji wa Qurayyat, ulioko katika mkoa huu huu wa Maskati, ulipitisha saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Yaani hata alfajiri. Ndipo utaelewa ule mtindo wa nyumba za hapa unaowashangaza wageni: kiangazi watu huzima hita ya bafuni na kuoga maji ya ndani ya hita, kwa sababu yale ya bomba la baridi yameungua juani kwenye tangi la juu ya dari.

Katika hali hiyo kiyoyozi si anasa. Ndicho kinachomwezesha bibi mwenye presha kulala, dawa ya sukari isiharibike, na mtoto kusoma. Na bili inaumiza: tangu Januari 2021 serikali ilipoanza kupunguza ruzuku ya umeme hatua kwa hatua, mazungumzo ya bili yamekuwa sehemu ya kila ziara. Usishangae mwenyeji wako akikufuata nyuma kuzima taa ulizoziacha.

Kila chumba na baridi yake

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka tulifikirie, wazazi hasa.

Nyumba ya zamani ilikuwa na taa nzuri moja. Mafuta ya taa yalinunuliwa kwa pesa, kwa hiyo chemli iliwekwa ukumbini na kila mtu akaisogelea. Mtoto anaandika kazi ya shule, mama anachambua mchele, bibi anatunga asumini, babu anasoma. Watoto walisikia mazungumzo yasiyowahusu: nani kamuoa nani, nani kagombana na nani, shamba la nani limeuzwa. Walisikia methali zikitumiwa mahali pake, na vitendawili, na hadithi zilizoanza kwa "paukwa" na kuitikiwa "pakawa". Hakuna aliyewafundisha Kiswahili. Kiliwaingia kwa kukaa kwenye taa moja na watu wazima.

Kiyoyozi kina sharti lake: mlango ufungwe. Nyumba ya Mabela ina vyumba vitano au sita, kila kimoja na baridi yake, mwanga wake, skrini yake. Mchana huwezi kukaa barazani, jua halikuachi. Basi bibi yuko chumbani kwake, mjukuu chumbani kwake, na baina yao kuna milango miwili iliyofungwa. Bibi anazungumza Kiswahili na televisheni. Mjukuu anazungumza Kiarabu na Kiingereza na simu. Wote wako nyumba moja, na lugha haipati pa kupita.

Msomaji uliopo Leicester, Toronto au Copenhagen usicheke, kwako ni yale yale. Mabela joto ndilo linalofunga milango, kwako ni baridi na hita.

Simlaumu umeme. Waulize kina mama waliofua kwa mikono nguo za watu tisa, au waliopiga pasi ya makaa na cheche ikatua kwenye kanzu ya Idi, kama wanataka kurudi. Hakuna hata mmoja. Na pale Uroa, watu walipopata umeme walifurahia maji ya pampu na taa, lakini wengi waliendelea kupika kwa kuni. Watu huchagua cha kuchukua na cha kuacha, na sisi pia tunaweza.

Siku umeme ulipokatika

Jumatatu tarehe 5 Septemba 2022, mchana, hitilafu katika njia kuu za umeme ilizima Maskati na mikoa kadhaa jirani kwa saa nyingi. Jamaa zangu wa Mabela bado wanaisimulia. Vyumba vilianza kuchemka, milango ikafunguliwa mmoja baada ya mwengine, na jioni ukoo wote ukajikuta upenuni, wengine kwenye viti, wengine kwenye mkeka, jirani kaleta kahawa na tende. Simu zikaishiwa chaji. Shangazi akaanza kueleza jinsi walivyokuwa wakikata utambi na kufuta kioo cha chemli kwa karatasi na majivu, kazi ya watoto kila magharibi. Kijana wa miaka kumi na nne akauliza, "Chemli ndiyo nini?" Swali hilo likazaa mazungumzo mpaka taa ziliporudi usiku. Wanasema taa zilipowaka watoto walishangilia, kisha mmoja akasema, "Malizia kwanza."

Zanzibar wanalijua hilo kwa uchungu zaidi. Waya wa chini ya bahari unaoleta umeme Unguja kutoka bara uliharibika tarehe 21 Mei 2008, na kisiwa kikakaa gizani kiasi cha mwezi mzima. Disemba 2009 ikatokea tena, miezi mitatu. Pampu zilisimama, watu wakapanga foleni za ndoo, biashara zikafa. Mchumi mmoja, Alfredo Burlando, aliyeuchunguza ule mwezi wa giza wa 2008, aligundua kwamba waliozaliwa waliongezeka baada ya miezi minane hadi kumi. Watu walikaa nyumbani, basi! Waya mpya mkubwa zaidi uliwekwa mwaka 2013.

Oman sasa inageukia jua. Kituo cha Ibri cha megawati 500 kilizinduliwa mwanzoni mwa 2022, na vyengine vimefuata Manah. Jua lile lile lililowafukuza wazee barazani ndilo litakaloendesha viyoyozi vya wajukuu.

Lakini hatuna haja ya kungoja hitilafu ili tukae pamoja. Familia moja ninayoijua huko Mabela imejiwekea utaratibu mwepesi: kila Alhamisi usiku viyoyozi vya vyumbani vinazimwa, kinabaki cha sebuleni tu. Bili inapungua kidogo, na nyumba nzima inakutana. Hakuna somo wala hotuba. Kuna chai ya maziwa, na bibi.

Ukienda Mabela likizo hii, au ukimpigia simu mzee wako popote alipo, muulize mbele ya watoto: taa ya kwanza unayoikumbuka ilikuwa ipi? Kibatari, chemli, fanusi, karabai, au globu ya umeme? Nani alikuwa akiiwasha? Ilikaa wapi, na nani alikaa karibu yake? Jibu lake ni refu, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji.